Meza Inayojua Kuondoka

Kabla ya bei, niambie uzito.
Mimi si tajiri wa mgongo, Bwana Omuga,
na bodaboda wa Nyamasaria hutoza hata kivuli
kikining'inia nje ya kiti.

Hii inayong'aa naiona. Nzuri.
Miguu miembamba kama ya korongo wa Dunga
aliyesimama majini akiwaza samaki.
Lakini korongo hapigiwi randa mgongoni.
Subiri niijaribu, hapo hapo sakafuni, usiogope,
naegemea tu, kama ninavyouegemea mlango wa mvule
uliovimba kwa mvua ya Aprili.
Umeona?
Nasukuma mbele, nayo yaenda mbele,
kama mtu anayekubali kila neno unalomwambia
na asitende hata moja.

Nataka itembee nikitembea.
Nikisimama, isimame.
Ni sharti dogo. Mume wangu wa kwanza hakuliweza.

Ile ya plastiki irudishe darini.
Jiliwa lake linang'ata kama kibogoyo.

Unauliza nilikuwa nafanyia wapi kazi.
Nilikuwa na meza, kaka.
Kando ya reli, nyuma ya wauza magunia wa Kibuye.
Mzee Amugune, aliyenifunza kushika msumeno,
aliimwagia saruji miguuni akasema:
meza ya seremala haihami,
vinavyohama ni viti.
Ubao wa mkaratusi, unene wa vidole vinne,
umechanjwa na patasi za watu watatu,
na una tundu moja la kekee, langu,
la siku ya kwanza, nilipotoboa nikapitiliza
na mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Usiku ule tingatinga lilikuja na taa mbili.
Wa viti walibeba viti.
Wa magunia walibeba magunia.
Ludenyi, kijana wangu wa kazi, aliikumbatia meza kiunoni
akavuta, akavuta,
kama anayemtoa bibi kitandani
nyumba ikiwaka,
na bibi anasema, hapa ndipo kwangu.
Saruji haikuwa na habari kwamba tumebadili mawazo.

Asubuhi tuliokota randa, na gundi iliyomwagika
ikaganda na mchanga.
Ubao ulikuwa umepasuka kwa urefu, uzi kwa uzi,
na ndani unanukia
kana kwamba mti ulikatwa jana.

Basi usinishangae nikihesabu bawaba.

Na hao farasi wawili kule nyuma,
wa mti, wenye vumbi, wamefungwa kamba ya katani?
Fundi wa Luanda aliwaacha, unasema,
akachukua pesa ya karo, hakurudi,
na hakuna aliyewauliza tangu Krismasi.
Walete.
Bawaba za shaba. Mnyororo mfupi
unaozuia miguu isipanuke kama ya mlevi.
Nasimama wima, mkono nimeuachia,
ngumi yangu inagusa mgongo wa farasi. Kimo ni changu.
Mguu mmoja umepungua, unene wa shilingi.
Si neno. Kisumu nzima hakuna sakafu iliyonyooka,
nitatembea na kabari mfukoni.

Ubao wa juu usinionyeshe. Ninao.
Uko chini ya kitanda, kipande cha mkaratusi
urefu wa mtoto wa darasa la tatu,
na tundu lake pembeni.
Ludenyi anataka tulizibe.
Nimemwambia aliguse, tena alipige randa kando kando,
alizungukie.

Haya, sasa sema bei.
Usianze juu; habari za mgongo nimekwisha kukupa.
Na yule kijana wa pikipiki, mwite.
Mwambie ni farasi wawili, wamekunjwa,
hawali,
na kesho saa mbili wana mlango Mamboleo.