Ugali Mkavu

Nkwimba alikuja saa nne, chai ya asubuhi imekwisha,
glavu mkononi, ndoo mbili tupu,
akaomba nisichouza.

"Maganda ya viazi, mama. Ukoko. Maji ya maharage.
Hata vichwa vya dagaa wanavyovisukuma pembeni."
Nikamwambia makombo yangu yana mwenyewe,
mfuga nguruwe wa Igogo,
anakuja na toroli kila jioni, na analipa.
Akacheka. Yeye alitaka kulisha udongo.

Udongo upi? Huu huu wa nyuma ya banda langu,
Mabatini, gereji saba zilipojipanga
hadi ukingoni mwa Mirongo,
oili chafu inapomwagwa tangu mwanangu Malimi
hajajua kushika spana.
Mweusi tii. Hauoti hata mchicha pori.
Mvua ikinyesha mto hujifunga kitenge,
zambarau, kijani, dhahabu,
ukaenda kukitandika ziwani
juu ya maji tunayooshea sato.

Akachota udongo kwa kijiko, kama anayeonja chumvi.
"Wamo humu."
Kina nani?
"Bakteria. Wanakula oili. Wamezaliwa humo, wameizoea.
Ila wanakula polepole mno."
Nikainama. Sikuona kitu, dizeli tu ikanipiga puani.
"Oili kwao ni ugali, mama. Mlima mzima.
Lakini mkavu."

Hapo nilimwelewa kabla hajafika kwenye naitrojeni yake.
Miaka kumi na tisa napika kando ya barabara,
najua mtu anavyoukodolea ugali mkavu,
tonge linavyozunguka mdomoni likitafuta njia.
Si uvivu ule. Ni mboga imekosekana.

Nikamjazia ndoo zote mbili.
Mfuga nguruwe alinuna hadi Pasaka.

Shimo la kwanza lilioza.
Lilinuka hata wateja wangu wa Bugando
wakahamia kwa Bi Ngollo, ng'ambo ya kalavati.
Nkwimba alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa
akilia kwa hasira, akisingizia vitunguu vyangu.
"Tumewavimbisha," akasema. "Na hewa hawakupata."
La pili tukapunguza makombo,
tukageuza kwa koleo kila Jumamosi,
maji tukanyunyiza kidogo kidogo.
Kama unga wa chapati, nikamwelekeza,
ukishikana bila kulowa, basi, acha.

Wiki ya tisa nilitia mkono bila glavu.
Kulikuwa na joto ndani,
joto la sufuria iliyoepuliwa muda kidogo.
Dizeli ilikuwepo, sitadanganya,
lakini kwa mbali, kama redio ya jirani.
Nkwimba akapima kwenye vichupa vyake,
akapima tena. "Nusu imeondoka. Nusu na kitu."
Pembeni mwa shimo mche mmoja wa mchicha, umepinda.
"Usiuchume," akaniwahi, "huo si wa kula."
Nani alitaka kuuchuma? Nilitaka kuutazama.

Mto bado unajifunga kitenge.
Shimo letu ni pana kama kitanda, gereji ni saba.
Hesabu naijua.

Katika daftari la wanaokula kwa mkopo,
chini ya konda wa Igoma, elfu nne,
na fundi rangi, elfu mbili na mia tano,
nimeandika: wa nyuma ya banda, ndoo mbili kwa wiki.
Mahali pa deni nimepaacha wazi.
Sijajua nani anamdai nani.

Jana Malimi alikuja kula, weusi hadi viwikoni.
Nikaishika sahani yake.
"Oili ya lile Fuso umeimwaga wapi?"
"Kwenye dumu, mama."
Hakunitazama.
Nikatoka kwenda kulikagua dumu. Lilikuwa nusu.
Nikarudi, nikampa sahani yake.
Ugali kamili. Mchuzi nusu.