Intakula

Mafundi wa Grogan hawasemi kipoza-hewa.
Wanasema intakula,
na siku ya kwanza mimi nilisikia itakula,
nikauliza: itakula nini?
Ogolla alicheka mpaka spana ikamponyoka.
"Mshahara, mwalimu. Itaanza na mshahara."

Nafundisha hesabu Pangani, nalala Uthiru.
Katikati kuna Subaru ya buluu
yenye tundu juu ya boneti, kama pua,
na chini ya pua kimelala kipande cha bati lenye mbavu,
moto wa kuchomea ndizi.

Ogolla alinichorea kwa kidole cha grisi, juu ya katoni:
tabo huvuta pumzi, huisonga, huisukuma,
na pumzi iliyosongwa hushikwa na homa.
Nairobi iko juu.
Hewa yetu ni nyembamba kama uji wa mwisho wa mwezi,
basi tabo hukaza msuli kuitafuta
na homa hupanda zaidi.
"Injini haitaki hewa nyingi tu," akasema.
"Inataka iliyotulia."
Niliandika hilo nyuma ya bahasha ya mitihani.

Jumamosi tatu nikazunguka.
Kirinyaga Road, Murimi alinitolea moja pana kama meza,
ya kukaa mbele, nyuma ya bampa.
Iling'aa. Nilijiona ndani yake, nimepungua tumbo.
Lakini bampa likatwe, mabomba yarefushwe,
na hewa ikitembezwa mbali huchelewa kurudi:
ukanyage leo, gari liitike kesho.
Tena itaikalia rejeta puani.
"Mwalimu," Murimi akasema, "hii ni heshima."
Nikapiga hesabu ya heshima.
Ikatoka karo ya Kemunto, muhula mzima, na chenji.

Industrial Area, ndani ya kontena,
Mwende hakunisifia kitu.
Alichukua moja ya kukaa palepale pa zamani,
nene kuliko yangu kwa vidole viwili,
mbavu zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua ya mawe.
Akaziba mdomo mmoja, akaizamisha kwenye ndoo, akaipuliza.
Povu, hakuna.
"Hii imepigwa," akasema, "ila haivuji.
Ichane taratibu, ukiwa na jioni za bure."

Nilikuwa nazo mbili.
Kemunto alishika tochi, mimi bisibisi ndogo,
tukanyoosha mbavu mojamoja
kama unavyomchana nywele mtoto anayelia.
"Baba, tukimaliza, gari litaenda wapi?"
Nikajifanya nimepoteza mstari.

Ogolla alipong'oa ile ya zamani
ilitapika mafuta, kikombe kizima.
Na kwenye hozi, upande usioonekana,
mpasuko mrefu kama ukucha.
"Miaka yote hii," akasema, "lilikuwa linapumulia pembeni."
Hozi mpya, shilingi mia nane.
Sasa nimsifu nani?
Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja
umeharibu jaribio. Ningemkata mwanafunzi alama.

Jumapili nikalipandisha Limuru.
Lilivuta, wallahi, gia ya tatu bila kukohoa,
malori yakabaki nyuma yakitafuna mlima.
Karibu na chai ya Tigoni nikafungua boneti,
nikaweka kiganja:
baridi kama mtungi.
Lakini ulikuwa Julai, ukungu umeshuka hadi magotini,
na jiwe la kando ya barabara nalo lilikuwa baridi,
na pua yangu pia.

Jumatatu, Waiyaki Way, saa moja na robo.
Hakuna anayesogea.
Pua ya boneti imeachama, haina cha kuvuta
ila moshi wa basi la shule.
Najua kule chini mbavu zetu zinaanza kupata moto,
zote, hata zile alizoshikia tochi.
Imekula kwangu? Kidogo.
Kemunto anaandika sehemu kwa kidole kwenye kioo chenye mvuke,
tatu juu ya nane,
anafuta, anaanza upya.
"Baba, si ulisema sasa liko mbio?"
"Liko mbio," namwambia.
"Limesimama tu."