Koki ya Buluu

Kibao cha kwanza kilikuwa Khuwair,
mlangoni pa jumba la vioo: FAMILIA TU.
Cha pili Ghubra, kimeandikwa kwa mkono,
herufi zimepinda, maana imenyooka.
Cha tatu dalali alinisomea mwenyewe,
kana kwamba shahada yangu ya uhasibu
haikunifundisha kusoma.
"Una mke?"
"Sina."
"Basi huna nyumba."

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Mahari naidunduliza ili nipate mke,
mke nimpate ili nipewe nyumba,
nyumba niipate ili kazi isinitoke,
kazi ndiyo ya kudunduliza mahari.
Siku sita nikazunguka hivyo,
ngamia wa kinu cha ufuta,
na mafuta siyaoni.

Studio moja ya Azaiba ilinikubali.
Riali mia mbili na ishirini kwa mwezi,
umeme mbali, maji mbali, amana ya miezi miwili.
Mshahara wangu mia nne na kumi.
Nikasimama katikati ya chumba kile kitupu,
nikanyoosha mikono, nikazigusa kuta zote mbili.
Nikamwambia dalali, nitafikiri.
Nilishafikiri.

Ndipo nikaangukia Ruwi, nyuma ya duka la saa,
ghorofa ya nne, lifti hupanda ikitaka.
Chumba kimekatwa kwa mbao,
riali sitini, pazia ujinunulie.
Nyuma ya ubao huu anakohoa Shaji, fundi viyoyozi,
ambaye kiyoyozi chake mwenyewe kimekufa.
Nyuma ya ubao ule, Menza, mtu wa Kilifi:
mchana analala,
usiku analinda pesa za benki.

Kwetu Ibra maji ya falaji huenda kwa zamu,
nusu saa shamba hili, nusu saa lile,
na mtu huirithi nusu saa yake kwa babu.
Hapa bafu nalo lina zamu,
dakika nane, karatasi imebandikwa mlangoni.
Yangu ni saa kumi na moja na robo alfajiri.
Nimeirithi kwa Mbangali aliyehamia Sohar.

Asubuhi ya kwanza, mwezi wa Agosti,
nikafungua koki ya buluu.
Ikaniunguza.
Nikaruka, kisigino kikapiga ndoo ya watu,
na ukelele ulionitoka
ulinitoka kwa Kiswahili,
kile cha bibi, cha jikoni,
nilichodhani tumekizika naye.

Nje ya mlango, kicheko.
"Fungua nyekundu, ndugu yangu! Nyekundu ndiyo baridi!"

Tangi liko juu ya paa, alinieleza baadaye,
jua linalipika mchana kutwa, na usiku halipoi.
Hita imezimwa tangu Mei;
maji yaliyomo yamekaa kivulini, yametulia.
"Mji huu," akasema Menza akifungua vifungo vya sare,
"usiamini rangi."

Tukanywa chai. Nikamwomba bilauri.
Akanitazama kama niliyefufuka.
"Bilauri! Hilo la nyanya yangu. Sema glasi."
Nikasema glasi.
Kesho yake nikamsikia, mle jikoni,
akimwuliza Shaji bilauri iko wapi,
na Shaji akimpa sufuria.

Ijumaa mama akapiga simu.
Akauliza kwa Kiarabu, kama siku zote:
pahala umepata? Pakoje?
Nikatazama pazia langu, bei yake bado inaning'inia,
nikamjibu kwa Kiswahili. Sijui kwa nini.
Pana watu, mama.

Akanyamaza.
Nikadhani salio limekwisha.
Kisha akaja, pole pole, neno moja moja,
kama mtu anayepapasa ufunguo gizani
katika nyumba aliyoihama zamani:
"Na maji... maji yapo?"

Yapo, nikasema. Baridi.
Sikumwambia koki ipi.