Kasi ya Januari

Veikko alinunua vibao viwili vya kumbukumbu, pacha,
kiwanda kimoja, wiki moja,
akavipachika kwa kidole gumba: tak, tak.
Pakiti inasema elfu sita.
Yeye akataka elfu saba na mia mbili.

Oulu, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Akafungua dirisha,
akaongeza volti kama mpishi anayeonja chumvi,
kidogo, tena kidogo,
akawasha jaribio, akalala na koti mwilini.

Saa nane, makosa sifuri.
Saa kumi, makosa sifuri.
Akacheka peke yake gizani.

Saa kumi na moja Raili akaamka, paka anatetemeka,
akafunga dirisha.

Kosa moja.
Kisha arobaini.
Kisha skrini ya buluu, na feni zikizunguka bure.

"Umeniharibia!"
"Nimefunga dirisha tu," akajibu Raili,
akamimina kahawa.

Alikaa na kikombe hadi kikapoa.
Nguo ya kuazima: ile kasi haikuwa yake,
ilikuwa ya Januari.

Akashuka hadi elfu sita na mia nne,
dirisha akaliacha limefungwa.
Jaribio likaisha salama usiku ule,
paka kajilaza juu ya mashine,
tumbo limepata joto.