Swali la Kumi na Nne

Jumapili usiku, meza ya jikoni,
nasahihisha mitihani ya darasa la tano.
Karatasi ishirini na sita, kalamu nyekundu moja,
chai imepoa tangu swali la tatu.

Nilipewa wiki sita kwa makoloni kumi na matatu.
Wiki sita! Meli zitie nanga, njaa iue watu,
tumbaku iote, bei ipande,
na binadamu wauzwe gatini
kabla ya kengele ya chakula cha mchana.
Nilikata. Nilikunja. Nilipiga pindo.
Mwalimu wa historia ni fundi cherehani:
kitambaa hakitoshi, na mtoto ni mrefu.

Dashiell amejibu yote kwa herufi kubwa,
kama anayempigia kiziwi kelele.
Xiomara anasema mfalme wa Uingereza alitoza kodi
kwa sababu "alikuwa na madeni, kama baba."
Nimempa alama zote. Mwongozo haukatazi.

Wendell, swali la tisa: Nani walilima tumbaku?
"Wakoloni." Amekata.
"Watumwa." Amekata.
Kisha, kwa maandishi madogo kama nyayo za sisimizi:
"Bi Tibbets, majina yao hukutuambia."

Kweli, sikuwaambia.
Kitabu kimetaja mwenye shamba, mkewe,
hata farasi wake wa mbio kimemtaja.
Nimekaa na sentensi hiyo
mpaka friji ikanguruma, ikanyamaza.

Imebaki karatasi ya Leandra Swann.
Yeye huketi dirishani, hanyooshi mkono.
Mwezi wa tisa tulichimba bustani ya shule
nyuma ya uwanja wa soka, tupande maboga,
majembe yakagonga maganda ya chaza,
tabaka juu ya tabaka, meupe kama meno ya utoto.
Wenzake wakapiga kelele: dhahabu!
Ya kale ni dhahabu, nikawaza,
nikajichekea mwenyewe.
Nikasema kwa ile sauti yangu ya ubaoni:
"Zamani sana hapa waliishi watu, wakala chaza."

Leandra akaokota ganda moja,
akalipangusa kwenye suruali,
akalirudisha palepale lilipotoka
na kulifukia kwa kiganja, taratibu,
kama mtu anayemvuta mgonjwa shuka.
Ningemuuliza. Kengele ikalia.

Swali la kumi na nne nililitunga mwenyewe:
Wapiskatawei waliishi kando ya mto gani?
Potomaki. Alama mbili.
Rahisi kama kumeza mate.

Leandra hakuanza na jibu.
Amepanda juu, kwenye swali lenyewe,
kwenye wino wangu uliokwisha kupigwa chapa,
akakata -li-.
Silabi moja. Mstari wa penseli,
umenyooka, ametumia rula.
Juu yake ameandika -na-.
Halafu akarudi nyuma hatua moja,
akaing'oa wa-, akapachika tu-.

Tunaishi.

Na kwenye nafasi ya jibu, badala ya mto,
kuna nambari ya nyumba, jina la barabara,
msimbo wa posta, tarakimu zote tano,
na maelekezo, kana kwamba nimeshasema nitakuja:
"Ghorofa ya pili ni sisi. Bibi anakaa chini.
Kengele imeharibika. Gonga kwa nguvu."

Mwongozo wa majibu unasema: Potomaki.
Mwongozo niliuandika mimi.

Naijua barabara hiyo.
Pembeni kuna kituo cha mafuta, halafu duka la matairi,
halafu nyumba ya mbao yenye rangi inayobanduka
na baiskeli ya mtoto imelazwa kwenye ngazi.
Miaka kumi na mmoja napita hapo kila asubuhi,
dakika saba kabla ya saa ya kwanza,
nakanyaga mafuta, nisichelewe darasani
kwenda kusema -li-.