Mfuaji Anasoma Kitabu cha Nahodha

Kurasa mia tatu na kumi na mbili, jalada gumu,
na usoni yeye, Aurélien Lacassagne, kidevu juu,
mvua imepangwa kwenye nyusi zake tone kwa tone.
Meya alikata utepe. Tukala bata, tukanywa mvinyo wa bure.
Nami nikapewa nakala, imetiwa saini mbio mbio:
"Kwa Maryvonne."
Mimi ni Marinette. Haya.

Nakisoma usiku wa tatu sasa, mashine namba mbili ikinguruma,
maana jezi za vijana hazingoji fasihi.

Ukurasa wa tisa: alizaliwa radi ikipasua mbingu.
Mama yake namjua, tulipanga foleni moja ya mkate.
Alizaliwa Jumanne ya jua kali, saa tano asubuhi,
mkunga akiwahi chakula chake.
Ukurasa wa arobaini: fahali alimwona, akageuza njia.
Ukurasa wa themanini: fainali ile, mbavu mbili zimevunjika,
"na jezi yake ikawa bendera ya damu."

Hapo nilicheka mpaka paka akahama chumba.
Jezi ile niliifua mimi. Namba kumi.
Ilikuja na nyasi kidogo kwenye kiwiko cha kushoto
na harufu ya manukato.
Maji baridi yalitosha.

Damu naijua. Damu haitaki maji moto,
ukiipa moto inakaa, inakuwa mwenyeji.
Damu ya siku ile ilikuwa kwenye namba mbili,
Firmin Escoubès, shingo kama kisiki,
aliyeshikilia skramu nzima kwa mabega
ili mwenzake apate nafasi ya kupendeza.
Kola imechanika, na kipande cha sikio,
Mungu anisamehe, kimenata kwenye uzi.
Niliiloweka mara tatu kwa chumvi.

Kitabuni Firmin yumo mara moja,
katika orodha, na jina limekosewa.
Siku hizi hukaa mbele ya duka la dawa.
Kila asubuhi huniuliza treni ya Castres inapita saa ngapi.
Treni hiyo haipiti tena mjini kwetu.
Namwambia, bado kidogo, Firmin.
Hunishukuru kama mgeni.

Bwana Vidalenc, mwandishi wa mikono laini,
unajua kuvika watu kilemba cha ukoka.
Mimi nimefua miaka thelathini na mmoja, nakwambia:
kilemba hicho hakifuliki. Ukikiloweka, kinaota.
Huyu mtu ataamka siku moja na malisho kichwani
na mbuzi wa wilaya nzima nyuma yake.

Na lipo moja hukuliandika, kwa kuwa hukulijua.
Msimu ule tulipokaribia kushuka daraja,
dakika hamsini kabla ya filimbi,
alikuja mlango wa nyuma, ana miaka kumi na tisa,
bukta kaiviringisha ndani ya gazeti.
Woga ulikuwa umemfungulia kibofu.
Hakusema. Sikuuliza.
Nikatia sabuni, nikatia siki,
tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa
tukiitazama bukta ikizunguka nyuma ya kioo
kama watu wanaotazama taarifa ya habari.
Ilipotoka, aliivaa mbichi.
Akaenda.

Hakufunga trai. Walipigwa vibaya.
Lakini alikwenda, maji yakimchuruzika mapajani,
na hakuna uwanjani aliyejua maji yale yametoka wapi.

Ningekuwa mwandishi, ningeanzia hapo.
Lakini kazi yangu ni kutoa madoa, si kuyaanika,
kwa hiyo hili sikupi, Bwana Vidalenc.
Nalisema humu tu, mashine ikinguruma.

Kitabu nacho hakikukosa kazi.
Mguu mmoja wa mashine namba mbili
ulikuwa mfupi tangu zamani.