Wingu la Gongoni

Hapa kwetu Gongoni wingu si habari njema.
Likijikunja upande wa Ngomeni
wanawake wa mashimo ya chumvi huacha mabeleshi,
hutazama juu, hutema mate,
maana mvua ya robo saa
hula jasho la wiki tatu.

Kisha mhasibu akaja kutoka Malindi mjini,
shati limepigwa pasi mpaka mifukoni,
akasema takwimu zote zipande winguni.
Tsofa alicheka akashika mbavu:
"Nyevu, jina lako tayari ni unyevu,
sasa watuletea na wingu!"

Ni mimi niliyezipandisha.
Vihisio mia na kumi na viwili:
joto la maji, uzito wa maji, mtetemo wa pampu,
kila sekunde kila kimoja kina neno,
hata usiku asipokuwepo wa kuuliza.
Mwezi wa pili bili ikaja.
Mhasibu hakucheka.

Nikakaa ofisini, feni inakohoa,
chumvi imeganda kwenye vitufe,
nikapanga kama mama alivyopanga mahindi:
ya kula leo, kando ya mafiga;
ya mwezi huu, kapuni nyuma ya mlango;
ya mbegu, juu darini kwenye moshi,
na ngazi akailaza nje, watoto tusifike.
Nikaandika:
siku thelathini, moto, karibu na mkono.
Hadi tisini, vuguvugu.
Baada ya hapo baridi, kwa senti chache,
ila ukitaka kukiona tena
uombe, kisha ungoje saa kumi na mbili.
Miaka saba, futa.

Bili ikashuka. Nikanunuliwa soda.

Siku ya tisini na tatu
akaja mkaguzi wa leba, mama mmoja mfupi, Bi Mwanajaa,
akauliza habari za pampu ya nne,
usiku ule mkanda ulipokatika
ukaondoka na vidole viwili vya Tsofa.
Kampuni ilishaandika: uzembe wake mwenyewe.
Mashine ilikuwa nzima.

Mtaka cha mvunguni huinama.
Cha darini je?
Nikaomba ngazi saa kumi jioni.
Kioo kikajibu: ombi limepokelewa.
Basi.

Sikulala. Nikazunguka mashimoni na tochi.
Bahari huingia shimo la kwanza ingali na vijisamaki,
la tatu hakuna kiumbe,
la tano maji yana rangi ya ufizi,
la mwisho ni weupe mtupu.
Hakuna anayeyaharakisha.
Nilimkuta Tsofa amechutama ukingoni,
akachovya mkono wa kushoto, akalamba.
"Ishirini na tano," akasema.
Simu yangu ilisema ishirini na tano nukta moja.
Ulimi huo sijauwekea nakala popote.

Alfajiri saa kumi zikashuka,
mistari elfu kumi na nne na mia nne.
Pampu ya nne ilianza kutetemeka saa moja usiku.
Mkanda ulikatika saa tano.
Saa nne nzima ilipiga kelele
na kengele haikulia.
Kengele ilizimwa wiki moja kabla,
inasumbua walinzi, meneja alisema,
na mkono uliozima una jina,
na jina ni langu.

Ningeweza kuiacha safu hiyo.
Bi Mwanajaa asingejua kuwa ipo.
Nilichapa zote, kurasa zikanata kwa unyevu,
nikampelekea kabla hajanywa chai.

Tsofa akaniuliza nje ya geti:
"Wa winguni wamesemaje?"
"Wamesema pampu ilikuwa mgonjwa."
"Hilo nilikwambia mimi siku ileile."
Sikuwa na jibu.
Akainua kidevu kuelekea Ngomeni.
"Na lile pale, ni lako pia?"
Halikuwa langu. Tone la kwanza lilinipiga shingoni,
tukakimbilia maturubai,
yeye akivuta kwa vidole vitatu,
mimi nikishika ncha ya pili.